Wageni Wasioaga

Paa la Ilembuke lilikwama katikati asubuhi ile, na watu waliopita chini yake wakaenda zao shambani wakitaniana kwamba leo mji umevaa kofia upande.

Faidesi Chaula aliwasikia kupitia dirishani, lakini hakuwa na kicheko cha kuwajibu. Yeye ndiye mtunza mtambo. Alikuwa ametoa amri ya kufunga paa umande ukiwa bado haujakauka, na vile vioo virefu, vilivyopaswa kuteleza kwenye reli zake kutoka mlima huu hadi mlima ule, vilisogea kidogo, vikasimama kama vinavyowaza, vikasogea tena.

Miaka hiyo mvua ya mawe ilikuwa imebadilika tabia huko milimani. Haikuwa tena ile ambayo watoto huiokota na kuitafuna. Iliporomosha mawe ya ukubwa wa yai la bata, na ndiyo maana watu wa Ilembuke walijenga paa la kioo juu ya matuta yao yote ya viazi. Jua likiwaka, paa hufunguliwa. Wingu la mawe likichungulia, hufungwa. Mtambo mmoja tu, uliokaa ndani ya nyumba ya matofali nyuma ya uwanja, ndio uliolisukuma paa hilo, ukapandisha maji, ukalinda friji la chanjo pale zahanati, na ukasomesha hesabu shuleni siku mwalimu akiugua.

Haukuwa mtambo wa picha za kupendeza. Ulikuwa na kioo cheusi chenye maandishi meupe, na ulipenda kuambiwa mambo kwa maneno machache. Faidesi alivuta kiti, akaandika neno moja:

top

Hapo mtambo ukamwonyesha kazi zote ulizokuwa ukizifanya wakati ule, ile inayokula nguvu nyingi ikiwa juu, na ndogo zikifuata chini yake. Alitazamia kuona paa juu kabisa. Paa lilikuwa chini, limebanwa kama mtoto mdogo kwenye foleni ya kisima. Juu yake lilijipanga jina moja, ile salamu ya asubuhi ya watu wa Ilembuke, mstari kwa mstari, mpaka kioo kikajaa.

kamwene
kamwene
kamwene

Faidesi alinyoosha mkono pembeni kutafuta kikombe cha uji, akakumbuka kwamba hakipo. Zamani Bibi Zelida, jirani yake, alikuwa akimwekea uji mlangoni kila asubuhi, umefunikwa kisahani usipoe, bila kubisha hodi wala kungoja shukrani. Tangu masika uji ulikoma. Faidesi hakuuliza. Alijiambia kwamba mzee amechoka, na wema hauulizwi umekwenda wapi.

Akauliza mtambo kwa amri nyingine: kazi hizi ni za nani, na nani mzazi wao? Maana katika mtambo kila kazi ina namba yake, na kila kazi imezaliwa na kazi nyingine. Jibu likaja. Mwenyewe ni Anyitike. Mzazi wa hizo kamwene zote ni kazi moja kongwe iliyoanzishwa miaka kadhaa iliyopita, na mzazi wa ile kongwe alishakufa, hivyo sasa ilikuwa inalelewa na namba moja, kazi ya kwanza kabisa mtambo unapowashwa. Ndivyo mtambo ulivyo: kazi ikibaki yatima, namba moja huichukua na kuilea pamoja na wengine. Faidesi alilipenda jambo hilo tangu siku ya kwanza alipofundishwa. Kumbe hata mashine haiachi yatima nje.

"Mama Tumpe, kamwene!"

Aliyemwita Faidesi kwa jina la mwanawe alikuwa Obadia Luvanda, mwenyekiti wa mji, amesimama mlangoni akipangusa matope kwenye buti ingawa sakafu ilikuwa chafu tayari.

"Kamwene, Mwenyekiti. Pita."

"Nimesikia redio ya hali ya hewa. Wingu limeshavuka ziwa. Chakula cha mchana hatutakula kwa amani." Akainama kutazama kioo. "Viazi vyote vya mbegu vimechipua, na matuta mapya ndiyo hayo yako wazi. Vikipigwa, mwakani tutakula kumbukumbu. Nini kinatukaba?"

"Salamu."

"Salamu?"

"Salamu za Anyitike. Mjukuu wa Bibi Zelida, yule aliyekwenda mwezini kuchimba barafu."

Obadia alimkumbuka. Nani asiyemkumbuka? Binti huyo aliandika kazi moja ndogo kabla hajaondoka, ili kila alfajiri kisanduku cha sauti kilichopo ukutani kwa bibi yake kiseme kwa sauti yake mwenyewe: kamwene bibi, umeamkaje, goti linasemaje? Na bibi akijibu, kimsikilize na kumjibu.

"Lakini hiyo ni bibi mmoja," alisema Obadia.

"Alikuwa mmoja. Sasa ni wazee wa mji mzima. Kila mzee ana mtoto wake wa kazi, na kila mtoto amekaa hewani tangu alfajiri, amekumbatia kumbukumbu ya mtambo." Akaona mwenyekiti hajaelewa, akatafuta mfano. "Ni kama jiko dogo lililojaa masufuria. Nikitaka kuinjika la paa, lazima kwanza nitoe jingine nje. Nikilitoa, wanalihitaji. Nalirudisha, natoa la paa. Mtambo unashinda ukibeba masufuria, haupiki."

"Waambie wale wa salamu wasubiri zamu."

"Nimeshawaambia. Nimewashusha mpaka mwisho wa foleni, na hawakulalamika, maskini. Ila shida si zamu, shida ni nafasi."

"Basi ziue."

Waliotunga lugha ya mtambo zamani waliliita jambo hilo kuua, na Faidesi hakuwahi kulizoea. "Kuna kuua kwa namna mbili," alisema. "Namba kumi na tano ni kuigusa kazi begani: tafadhali, maliza ulichonacho, fungasha, ondoka. Namba tisa ni kuzima taa mtu akiwa katikati ya neno. Kumi na tano nimetuma. Soma wanavyonijibu."

Obadia akasoma. Kila kamwene ilikuwa imejibu mstari uleule: nasubiri ruhusa.

"Ruhusa ya nani?"

"Ningejua ningeiomba. Nimetuma ujumbe mwezini, wanasema Anyitike yuko chini ya barafu, atapanda jioni."

Mwenyekiti alitazama nje, kule ambako mbingu ilianza kuwa na rangi ya chuma. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu mwenye matuta ya mji mzima kichwani. "Imebaki tisa, basi."

Faidesi akaandika. Kumuua mzazi peke yake kusingesaidia, watoto wangebaki yatima na kuendelea kukaa pale pale, wazee wakizungumza na sauti isiyo na kwao. Ilibidi kuwataja wote kwa jina lao.

pkill -9 kamwene

Kidole kikabaki juu ya kitufe. "Mwenyekiti, mji mzima kuna wazee wamekaa vitini wanaongea. Mmoja yuko katikati ya kueleza ndoto yake. Nikibonyeza hapa, kila mmoja atasikia kimya, adhani kuna mtu amekufa."

"Kazi si mtu, Mama Tumpe."

"Kazi si mtu. Anayeongea nayo ni mtu."

Obadia akavua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. "Na wenye kula viazi ni watu."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na Faidesi akainuka kitini. "Nipe nafasi nikamwambie Bibi Zelida tu," alisema. "Ni hapo nyuma ya ukuta huu. Sauti ni ya mjukuu wake. Nikirudi nitabonyeza."

"Nenda," alisema Obadia kwa upole. "Nitakaa na paa lako. Likikohoa nitakuita."

*

Bibi Zelida alikuwa ameketi mbele ya kisanduku cha sauti, amevaa kitenge cha kanisani na ungo wa maharage magotini. Alipomwona Faidesi mlangoni aliweka kidole mdomoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Pita taratibu, nina mgeni."

Kisanduku kilikuwa kimya. Kitaa chake cha kijani kiliwaka, kuonyesha kwamba kinasikiliza.

"Mmekuwa mkiongea?"

"Tulimaliza kuongea kabla jua halijatoka." Bibi akasogea, akanong'ona kama anayesengenya. "Mwanangu, nina siri. Huyu mtoto ananitesa."

"Anakutesa vipi?"

"Haondoki! Anakuja alfajiri, anasalimia vizuri, adabu tele. Anauliza goti, anauliza mbuzi. Tunacheka. Kisha ananyamaza, na mimi nanyamaza. Namwuliza, mjukuu bado upo? Anasema, nipo bibi. Haya, nitafanyaje? Nakaa. Tangu masika sijafika shambani. Kwaya nimeacha. Uji wako, unadhani nimekusahau? Nimuache mgeni peke yake ndani, niende kugawa uji?"

Faidesi alihisi kitu kikimlegea kifuani, kitu alichokuwa amekibeba tangu masika bila kukiita jina. "Kwa nini usimwambie aende?"

Bibi Zelida alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hamchapi mgeni kwa mwiko. "Umelelewa wapi wewe? Mwenye nyumba anamfukuza mgeni? Mgeni ndiye anaomba ruhusa. Mimi namruhusu usiku tu, nikitaka kulala. Namwambia lala salama, anakwenda."

"Na wazee wengine?"

"Wamekaa hivihivi, kila mtu na wake! Na kosa ni langu. Nilipoona ni mtoto mwema nilimwambia, wasalimie na wenzangu, kizuri hakiliwi peke yako. Nao wakamwambia awasalimie wenzao." Akacheka kidogo, akitikisa ungo. "Mji mzima tumefungwa na mgeni. Anayefurahi ni Mzee Lugano tu. Huyo anayo mengi ya kusema na hana wa kumsikiliza."

Faidesi akakigeukia kisanduku. "Mjukuu, hujambo?"

"Shikamoo mama," ilisema sauti ya Anyitike, changa na changamfu.

"Marahaba. Mbona huondoki?"

"Nasubiri ruhusa."

"Ruhusa ya nani?"

"Ya bibi."

"Na mbona huiombi?"

Kisanduku kikanyamaza. Hakikununa. Hakikuwa kimefundishwa tu. Yule binti alikulia ndani ya nyumba hii, akilala kitanda kimoja na bibi yake. Mtu wa nyumbani haombi ruhusa ya kurudi kwao, maana kwao ni pale.

"Siku aliyosafiri," alisema Bibi Zelida, akichambua haragwe lisilo na kosa lolote, "gari la kituo cha roketi liliwahi. Mimi nilikuwa shambani kumchimbia viazi vya njiani. Niliporudi nilikuta kitanda kimetandikwa. Hakuniaga. Nasikia alilia mpaka mpakani."

Wote wawili wakakitazama kile kitaa cha kijani. Ndipo Faidesi alipoelewa kilichoandikwa ndani ya kazi ile, na mkono uliokiandika ulikuwa na hali gani. Usiondoke tena mpaka bibi akuruhusu.

Mbali, ng'ambo ya mlima, radi ilisafisha koo.

"Bibi," alisema Faidesi, "mgeni asiyejua kuaga, mila inasemaje?"

"Anaombewa na mwenzake. Mtu mzima anasimama, anasema, mwenye nyumba, huyu mwenzangu anaona haya, namwombea ruhusa."

Faidesi alishaondoka mlangoni. Kisha akarudi, akamshika bibi mkono kwa mikono miwili, akatoka tena akikimbia.

*

Nje ya nyumba ya mtambo palisimama nguzo yenye kipaza sauti cha zamani, chenye betri yake, kilichotumika kutangazia misiba na chanjo. Faidesi alikiwasha. Obadia alitoka mbio.

"Unakuja kubonyeza?"

"Bado. Wewe tazama kioo, niambie wakianza kupungua."

Akavuta pumzi. "Wazee wetu wa Ilembuke, shikamooni! Ni mimi Faidesi, wa mtambo. Nimekuja kuwaombea ruhusa wageni wenu mnaokaa nao. Wanaona haya kuaga. Wamekaa vizuri, wamefurahi, sasa wanaomba kwenda."

Kisha, kutoka dirisha hadi dirisha, sauti za wazee zikaanza kupanda juu ya matuta.

"Mbona mapema!"

"Hata hajala huyu!"

"Akae kidogo, viazi viko jikoni!"

"Hakuna hata mmoja aliyeondoka," alipaza sauti Obadia kutoka ndani. "Wanakataa, Mama Tumpe!"

"Hawakatai! Wanakaribisha!" Faidesi alijikuta anacheka, tone la kwanza la mvua likimpiga puani. Alisahau jambo ambalo kila mtoto wa Ilembuke analijua kabla hajajua kusoma: ruhusa ya kwanza haitolewi. Mwenye nyumba anayekuruhusu mara moja alikuwa amechoka nawe. Lazima uombe mara ya pili, tena ya pili uje na sababu.

Na sababu alikuwa nayo. Ilikuwa imejaa mbingu nzima.

"Wazee wetu, ahsanteni kwa moyo huo! Wangekaa. Lakini tazameni nje. Mvua ya mawe ndiyo hiyo inashuka, na wageni wenu wana safari. Tusije tukawaacha wakanyeshewa njiani!"

Kulikuwa na kishindo cha madirisha kufunguliwa.

"Yesu wangu, waende!"

"Nenda mjukuu, kimbia! Nenda salama!"

"Funika kichwa wewe! Usipite bondeni!"

"Wanaondoka!" Obadia alikuwa akipiga meza. "Mmoja, mwingine, ooh, mstari mzima! Wanaondoka kwa miguu yao!"

Faidesi aliingia, akasimama nyuma yake. Jina lile lilikuwa likifutika kwenye kioo kama moshi wa jiko mlango ukifunguliwa, na kila lilipofutika, kazi ya paa ilipanda ngazi moja, ikapanda tena, mpaka ikafika juu na kushika jiko lote peke yake. Nje reli zikanguruma. Vioo vikaondoka kwa pamoja pale vilipokwama, vikateleza juu ya matuta ya zamani, juu ya matuta mapya, juu ya shule na zahanati. Vilipokutana, jiwe la kwanza likaanguka, likadunda, likabingirika. Kisha yakaja yote.

Chini ya kelele ile watu walitoka mashambani wakiwa wameshika vichwa, wakatazama juu, wakaona mawe yakicheza ngoma ambapo hayawezi kufika. Wakaanza kupiga vigelegele. Bibi Zelida alipita uwanjani amevaa kitenge cha kanisani na viatu vya shamba, anakwenda kuona viazi vyake.

Faidesi akaifuta ile amri ya namba tisa, herufi moja moja, mpaka mstari ukawa mtupu.

"Amebaki mmoja," alisema Obadia.

Kweli. Kwenye kioo kulikuwa na kamwene moja tu, imekaa chini kabisa. Faidesi akauuliza mtambo ni ya nyumba gani, na jibu lilipotokea hakulisoma kwa sauti. Hapakuwa na haja. Mwenyekiti alishaliona jina la baba yake.

"Hakusikia tangazo," alisema Obadia.

"Mzee Lugano? Anasikia mpaka panya wanaposalimiana."

Obadia akakuna shingo. "Unaweza kuizima, sasa ni moja tu."

"Kwa sababu ni moja tu, haibani kitu. Naishusha zamu, iendelee kumsikiliza." Akaandika amri fupi, akabonyeza. "Siku akichoka kuongea atairuhusu mwenyewe."

Mwenyekiti alisimama akitazama ule mstari mmoja. Kisha akarekebisha kofia, akapangusa buti zake mlangoni ingawa alikuwa anatoka, si kuingia, akashika njia ya juu inayokwenda kwa baba yake, mawe yakimpigia makofi kwenye kioo juu ya kichwa.

Faidesi hakuitazama saa. Alijua tu kwamba mvua ilipungua, ikaacha, jua likatoka likayeyusha mawe juu ya paa, na maji yakaanza kutiririka pembeni. Alipokitazama kioo tena, ile kamwene ya mwisho ilikuwa imekwenda. Hakuna aliyeigusa.

Baadaye Obadia alimsimulia kwamba alipoingia, mzee alimtazama, akamsogezea kigoda, kisha akakiambia kisanduku: haya mwanangu, nenda salama, mwenzako wa zamu amefika.

*

Jioni ile ujumbe ulishuka kutoka mwezini. Anyitike aliomba radhi kwa mji mzima, akampa Faidesi idhini ya kuigusa kazi yake, na mwisho akaandika mstari mmoja wa kumsomea bibi: naomba ruhusa niliyoikosa siku ile.

Bibi Zelida alisikiliza, mikono yake ikiwa imetulia juu ya kitenge.

"Mwandikie hivi," alisema. "Ruhusa nilimpa siku ileile, nikiwa shambani, jembe mkononi. Ila mwambie amekwenda mapema mno, hakula viazi."

Kesho yake asubuhi Faidesi alikuwa ameketi mbele ya kioo, akijaribu somo jipya aliloifundisha kazi ile. Alisikia kila kitu kupitia ukutani. Kisanduku kilisalimia, kikauliza goti, kikauliza mbuzi. Bibi alicheka. Kisha sauti ya mjukuu ikasema kwa adabu, "Bibi, naomba ruhusa."

"Mbona mapema hivyo? Kaa kidogo!"

Na kazi ile, kwa utii wake wote, ikakaa.

Faidesi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upande wa kitenge. Alivuta kibodi, akaongeza: ukikaribishwa, shukuru, ngoja kidogo, omba tena. Akafikia mahali pa sababu, akakwama, akapaza sauti ukutani, "Bibi! Mgeni wako ana udhuru gani leo? Mvua hakuna!"

"Mwambie aseme ana mwingine wa kumjulia hali! Huo hauna ubishi!"

Akaandika hivyo, akaituma tena. Kule ng'ambo mambo yakaenda kwa mpangilio wake, ombi na karibisho, ombi na udhuru, na kitambo kidogo baadaye kamwene moja ikafutika kwenye kioo, imefungasha vizuri, haikuacha kitu nyuma.

Faidesi alinyoosha mkono pembeni kwa mazoea. Hapakuwa na kitu. Ndipo aliposikia viatu vya shamba vikipita nje taratibu, vikasimama, vikaendelea na safari, bila hodi. Akafungua mlango. Kikombe kilikuwa kizingitini, kimefunikwa kisahani, na mvuke ulikuwa bado unatoka pembeni.

Akamwona bibi amefika mbali tayari, jembe begani.

"Bibi, mbona mapema hivyo? Karibu ukae!"

"Nina mwingine wa kumjulia hali!" alijibu Bibi Zelida, wala hakugeuka, na mabega yake yalikuwa yakitikisika kwa kicheko mpaka alipoingia kwenye matuta.